Mrao, Gumegume na Fataki: Historia ya Gobori katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma habari za vita vya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi hukutana mara kwa mara na neno moja tu la silaha, nalo ni bunduki. Mbaruk alikuwa na bunduki. Sultani wa Unguja alikuwa na bunduki. Waingereza nao walikuwa na bunduki. Msomaji huyo ana haki ya kuuliza: ikiwa wote walishika silaha ile ile, ilikuwaje boma la Mwele, lililojificha msituni bara ya Gazi na kuzungushiwa ua wa magogo, likatekwa kwa shambulio la siku moja tarehe 17 Agosti 1895? Uoga hauwezi kuwa jibu, kwa maana wafuasi wa Mbaruk waliendelea kupigana kwa miezi minane baada ya siku hiyo. Uchache wa watu nao haujibu lote.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika jambo linaloonekana dogo, yaani namna moto unavyofikishwa kwenye baruti. Kiswahili kilikuwa na majina matatu kwa jambo hilo: mrao, gumegume na fataki. Kila jina lilitaja mtambo wake, enzi yake na udhaifu wake. Makala haya yanashikilia kwamba majina hayo si vifaa vya makumbusho pekee. Aliyeyajua aliweza kukadiria nguvu za mtu mwenye silaha kabla haijalia, na hata mataifa ya Ulaya yalipoketi mwaka 1890 kuamua ni Mwafrika gani auziwe bunduki ipi, mpaka waliouchora ulipita katikati ya gumegume na fataki. Mwandishi anayeyakusanya yote chini ya neno bunduki anafuta mpaka huo bila kujua.

Gobori na sehemu zake

Gobori ni bunduki inayojazwa kwa mdomo wa mtutu. Hiyo ndiyo sifa yake ya msingi, wala si ukale wake au uduni wa fundi aliyelitengeneza. Yako magobori yaliyofanywa na mafundi hodari wa Ulaya, yenye kitako cha mti mzuri na mapambo ya fedha, na yako yaliyofuliwa kijijini kwa bomba la chuma.

Kulijaza ni kazi yenye mpango. Mpigaji husimamisha silaha, kitako kikiwa chini na mdomo juu. Humimina baruti kutoka katika pembe ya ng'ombe iliyozibwa vizuri. Hufuatisha kitambaa au karatasi ili baruti isitawanyike. Kisha hutia risasi moja kubwa, au marisaa mengi madogo ikiwa anawinda ndege. Halafu huchomoa mdeki, ule ufito mrefu unaolazwa chini ya mtutu, na kushindilia vyote mpaka vikae pamoja. Baada ya hapo ndipo anaposhughulikia kifa, yaani mahali palipo na tundu dogo ubavuni mwa mtutu, upande wa nyuma, ambapo moto wa nje hukutana na baruti ya ndani. Askari wa Ulaya aliyefunzwa kwa miaka aliweza kufyatua mara tatu kwa dakika moja. Mkulima au mwindaji aliyelitumia gobori mara chache kwa mwaka hakuifikia kasi hiyo, na mwenye upinde aliweza kumtupia mishale kadhaa ilhali yeye bado anahangaika na mdeki.

Msamiati wa kazi hii unastahili kutazamwa kidogo. Mdeki ni neno la Kiarabu, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutwanga na kushindilia. Kasiba, jina jingine la mtutu, latokana na Kiarabu chenye maana ya tete au mwanzi ulio wazi ndani. Risasi ni madini yenyewe, yaani lile timbo zito la kijivu, kabla ya kuwa kitu cha kuua. Bunduki kwa asili ya Kiarabu ilikuwa kokwa ya tunda fulani la ganda gumu. Jina likahamia kwenye kigololo kilichotupwa kwa upinde maalumu, na hatimaye kwenye chombo kinachorusha. Kiasi, ambalo sote twalijua kwa maana ya kipimo, lilitumika pia kwa baruti iliyokwisha kupimwa kwa mlio mmoja, na baadaye kwa risasi kamili yenye ganda lake. Jambo la kuzingatia ni kwamba nguzo za msamiati huu hazikutoka kwa Mreno, ingawa Mreno ndiye aliyeipiga pwani hii kwa mizinga katika karne ya 16. Zilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na watu waliokaa, wakaoa, wakauza na kufundisha.

Mzinga ni kisa cha peke yake. Neno hili ni la Kibantu, na katika vijiji vya Kwale mzinga ungali ule gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki watie asali. Mtu wa pwani alipoona bomba nene la chuma lenye uwazi ndani, mdomo mmoja na kelele ya kutisha, hakuhitaji kuazima jina.

Kuhusu baruti yenyewe, mchanganyiko uliozoeleka ni shura sehemu 75 kwa mia, makaa 15 na kiberiti 10. Kiberiti hapa ni yale madini ya manjano. Kwamba leo twaenda dukani kununua kiberiti cha kuwashia jiko ni ushahidi mwingine wa jinsi maneno ya moto yanavyohama. Baruti ya namna hii ina tabia mbili zilizowasumbua watumiaji wake wote. Ya kwanza, hunywa unyevu. Pwani ya kusini, kuanzia Diani hadi Vanga, hewa ni nzito kwa maji karibu mwaka mzima, na masika ya Aprili hadi Juni hayamwachi mtu na kitu kikavu. Ya pili, hutoa moshi mweupe mzito, hivi kwamba aliyejificha nyuma ya mti hujitangaza mara tu anapofyatua.

Mrao

Njia kongwe ya kuwasha ni ya utambi. Mrao ni kamba ya pamba iliyochovywa katika maji ya shura na kukaushwa. Ikiwashwa haitoi mwali, bali huungua polepole na kubaki kaa jekundu kwenye ncha, mfano wa udi. Bunduki ya mrao ilikuwa na mkono wa chuma uliopinda kama nyoka, ambao uliushika utambi huo. Mpigaji alipovuta, mkono uliinama na kuichovya ncha yenye moto ndani ya kifa, ambamo mlikuwa na baruti laini. Baruti hiyo iliwaka, mwali ukapenya tunduni, na ile iliyo mtutuni ikalipuka.

Udhaifu wake hauhitaji mtaalamu kuueleza. Silaha haikuwa tayari isipokuwa utambi uwe unaungua, na utambi uliokuwa ukiungua usiku ulionekana kwa mbali, na harufu yake ilimfikia mnyama kabla ya mwindaji. Mvua ilipokuja, ilizima. Aidha, mtu aliyebeba pembe ya baruti kiunoni na moto mkononi alikuwa hatari kwa wenzake sawasawa na kwa adui.

Hata hivyo, mrao ndio uliotawala katika karne mbili za mwanzo za silaha za moto katika pwani yetu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alipoishambulia Mombasa, wenyeji walimjibu kwa mizinga waliyokuwa wameiopoa kutoka meli ya Wareno iliyokwama pwani miaka michache kabla. Jambo hili huonyesha kwamba watu wa Mombasa hawakuchelewa kuelewa chombo kipya. Walikosa tu kiwanda. Katika miaka ya 1585 na 1588 hadi 1589, Mir Ali Bey alikuja na merikebu za Waturuki na silaha zao, na miji kadhaa ikamkaribisha dhidi ya Mreno. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na Waomani walipoizingira kuanzia 1696 hadi kuitwaa mwaka 1698, bunduki za utambi zilikuwa miongoni mwa silaha za kawaida kwao.

Huko Oman silaha hiyo iliitwa abu fatila, maana yake mwenye utambi, na ilidumu mikononi mwa watu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Ulaya ilikuwa imekwisha kuisahau. Sababu ni za kiuchumi. Mrao husokotwa nyumbani. Haununuliwi kwa mtu, wala hakuna serikali iwezayo kuuzuia bandarini. Tutairudia hoja hii.

Kati ya mrao na gumegume Ulaya ilibuni mtambo wa gurudumu, ambao ulizungusha chuma dhidi ya jiwe ili kutoa cheche. Ulikuwa wa gharama kubwa na wenye vipande vingi, na haukuacha alama katika lugha yetu. Hatuna haja ya kukaa nao.

Gumegume

Gumegume ni lile jiwe gumu litoalo cheche likigongwa na chuma, na kwa hilo bunduki nzima ikapewa jina. Ufundi wenyewe katika umbo lake lililokamilika huhusishwa na fundi Mfaransa Marin le Bourgeoys, mwanzoni mwa karne ya 17. Jiwe hubanwa katika taya za nyundo ndogo. Nyundo ikiachiliwa, jiwe hukwaruza bamba la chuma lililosimama juu ya kifa. Kwa pigo hilo hilo, bamba husukumwa mbele na kufunua kifa, na cheche zikaangukia baruti iliyokuwa imefunikwa hadi nukta ile.

Kufunikwa huko ndiko kulikoleta tofauti. Mtu aliweza kutembea na bunduki iliyojazwa, bila moto mkononi, na kuwa tayari wakati wowote. Mlinzi aliweza kusimama gizani asionekane. Lakini jiwe lilichakaa baada ya milio makumi machache na kuhitaji kuchongwa au kubadilishwa. Bamba lililolowa halikutoa cheche. Na mara nyingi baruti ya kifa iliwaka vizuri kwa mwali na moshi, huku ile ya mtutuni ikikaa kimya. Mpigaji alibaki amefumba macho, adui akiwa amekwisha kumwona.

Enzi ya gumegume katika pwani hii inaoana kwa kiasi kikubwa na enzi ya Wamazrui kuwa maliwali wa Mombasa. Waliutawala mji huo hadi mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa na kuwakamata wakuu wao kwa hila, akiwemo liwali Rashid bin Salim, wakapelekwa Bandar Abbas wasirudi tena. Waliobaki walitawanyika, wengine wakakaa Takaungu upande wa kaskazini, wengine wakakaa Gazi, kati ya Diani na Msambweni. Mbaruk, mwana wa Rashid bin Salim, alikuwa mtoto wakati huo.

Miaka minne kabla ya tukio hilo, tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Marekani. Wengi wetu twaujua mkataba huo kwa sababu ya kitambaa cha merikani. Ndani yake mna kifungu kisichotajwa sana: bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake katika kisiwa cha Unguja, ila katika bandari nyingine zote za Sultani ziuzwe kwa uhuru kwa yeyote mwenye kutoa bei. Sultani hakutaka bunduki karibu na kitanda chake, na hakuwa na neno zikienda mbali. Kwa kifungu hicho shehena za magobori na mapipa ya baruti ziliruhusiwa kushuka mahali popote pwani, na kutoka hapo zikaingia bara kwa njia zile zile za pembe na watumwa.

Fataki

Mwanzilishi wa njia ya tatu alikuwa mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, mpenzi wa kuwinda bata. Alichoshwa na jambo moja. Bata waliuona mwali wa kifa na kupiga mbizi kabla risasi haijawafikia, kwa sababu kulikuwa na muda mfupi kati ya cheche na mlio. Forsyth akageukia chumvi fulani za kikemia ambazo hulipuka kwa kugongwa tu, pasipo cheche wala utambi, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo wake. Katika miaka ya 1820 mafundi waliitia dawa hiyo ndani ya kikombe kidogo cha shaba, chenye ukubwa wa ncha ya kidole cha mtoto. Hicho ndicho fataki. Kifa kikabadilika, kikawa chuchu ndogo ya chuma yenye tundu, fataki ikavikwa juu yake, nyundo ikaigonga, moto ukaingia mtutuni papo hapo.

Jeshi la Uingereza lilipojaribu njia hizi mbili huko Woolwich mwaka 1834, bunduki za gumegume zilikataa kulia mara 922 katika milio 6,000. Za fataki zilikataa mara 36. Maana yake ni kwamba mwenye gumegume alitazamia kuaibishwa na silaha yake karibu mara moja katika kila milio sita au saba. Mtu awezaye kufikiria anasimama mbele ya tembo, au mbele ya askari, ataelewa uzito wa hesabu hiyo. Isitoshe, majaribio yalifanywa na askari waliofunzwa, wenye baruti safi. Baruti iliyosafirishwa kwa jahazi na kuhifadhiwa katika nyumba ya makuti wakati wa masika haingeweza kufanya vizuri zaidi.

Jina fataki lina jamaa katika lugha za Bara Hindi. Kwa Kigujarati fashifashi za sikukuu zina jina la shina lile lile. Wafanyabiashara wa Kihindi ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara ya pwani, na haishangazi kwamba neno lilisafiri na mzigo.

Kugeuza gumegume kuwa fataki kulikuwa rahisi. Fundi alitoa kifa na bamba la chuma, akapigilia chuchu mahali pa tundu, akabadilisha nyundo. Majeshi ya Ulaya yalifanya hivyo kwa wingi katika miaka ya 1840. Kisha, kuanzia miaka ya 1860, majeshi hayo yakaachana na gobori la aina yoyote na kuchukua bunduki zinazojazwa kwa nyuma. Uingereza ilianza na Snider mwaka 1866, na mwaka 1871 ikaikubali Martini-Henry. Kwa silaha hizi fataki haikutoweka; ilihamia ndani ya kitako cha ganda la risasi, pamoja na baruti na risasi yenyewe, yote yakiwa kitu kimoja. Mdeki haukuhitajika tena. Mpigaji aliweza kulala kifudifudi na kujaza akiwa amelala, jambo ambalo mwenye gobori halimudu, kwani sharti asimamishe mtutu. Ndani ya mtutu mlichongwa mifuo ya mzunguko iliyoisokota risasi, ikaenda moja kwa moja kwa mamia ya mita, ambapo gobori laini halikuaminika kupita mita mia moja hivi.

Na yale magobori ya zamani yalikwenda wapi? Yaliuzwa. Afrika ikawa jaa la maghala ya Ulaya. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kwa wakati huo baadhi yake zilikuwa tayari ni za kujazwa kwa nyuma, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza Ulaya.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Sehemu yake moja ilihusu silaha, na ilianzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, eneo ambalo Gazi na Msambweni zimo katikati yake. Bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kwa wenyeji. Zilizoachwa kuuzwa, kwa ruhusa, ni bunduki za jiwe zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Hapa lugha yetu ina neno kamili ambalo wanasheria wa Ulaya walilazimika kulizunguka: waliruhusu gumegume.

Lengo la kukomesha utumwa halikuwa la uongo, na haifai tuliseme hivyo kwa sababu tu ya kumpenda Mbaruk. Mashamba ya Wamazrui wenyewe huko Gazi yalilimwa na watumwa. Lakini mwenye kuutazama mkataba huo kwa jicho la fundi ataona jambo jingine. Mrao husokotwa nyumbani. Jiwe la gumegume huweza kuchongwa tena, na baruti huweza kupikwa na mwenye shura. Fataki haiwezi. Dawa yake ni ya maabara, shaba yake ni ya kiwanda, na mwenye bunduki ya fataki aliyeishiwa fataki ameshika fimbo. Kila hatua ya maendeleo iliifanya silaha iwe bora na wakati huo huo ikamfunga mwenye nayo kwa mwenye kiwanda. Waliotunga mkataba walilishika fundo hilo barabara, wakamwachia Mwafrika silaha ile ambayo tayari ilikuwa imekataa kulia mara 922.

Mwele

Mbaruk bin Rashid alikuwa ameasi mara kadhaa dhidi ya Masultani wa Unguja tangu miaka ya 1850, na kila aliposhindwa pwani alirudi msituni Mwele. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani yakiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews yalimfuata huko huko, na bado akainuka tena. Mbinu yake ilitegemea hali ambayo pande zote zilikuwa na silaha zenye udhaifu unaofanana. Msitu ulimsogeza adui karibu, mahali ambapo gobori hufaa. Ua wa magogo ulimpa mpigaji nafasi ya kusimama na kushindilia bila kuonekana. Mvua iliwaadhibu wote sawa.

Usawa huo ulikuwa umekwisha mwaka 1895. Tarehe 1 Julai ya mwaka huo Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikabidhi pwani kwa serikali yake, na mgogoro wa kurithi uongozi wa Takaungu ukawavuta Wamazrui wa kaskazini na wa kusini pamoja vitani. Jemadari wa majini Harry Rawson alipanda Mwele akiwa na mabaharia wa Kiingereza, askari wa Kisudani na wa Unguja, na mizinga midogo. Mathews alikuwa naye, akajeruhiwa katika mapigano hayo. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya ua hawakukosa shabaha. Walichokosa ni muda wa kujaza. Gobori likisha kulia, mwenye nalo huhitaji theluthi ya dakika au zaidi kabla halijalia tena, moshi wake ukiwa umekwisha kumwonyesha alipo, na katika muda huo mwenye bunduki ya kujazwa kwa nyuma hufyatua mara nne au tano. Mizinga nayo iliondoa faida ya magogo. Boma likaanguka.

Waingereza waliithamini siku hiyo kiasi cha kuchonga jina Mwele na mwaka 1895 kwenye ukingo wa nishani walizowapa askari wao. Mbaruk mwenyewe hakukamatwa. Alibadilisha mwendo wa vita, akaepuka kukaa mahali pamoja, na mapigano ya kuvizia yakasambaa pwani nzima hata ikabidi kikosi kiletwe kutoka Bara Hindi mwaka 1896. Hili nalo lina mantiki ya silaha: mwenye mlio mmoja wa uhakika hufanya busara kuutumia kwa kuvizia, kisha atoweke. Mwezi wa Aprili alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, ambao gavana wao alikuwa Hermann von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910. Nyumba yake huko Gazi ilikuja kutumika kama shule.

Maneno yaliyobaki

Magobori hayakwisha na vita hivyo. Nchini Tanzania taarifa za polisi na za askari wa wanyamapori zingali zikitaja magobori yaliyokamatwa, mengi yakiwa ya kutengenezwa kienyeji. Lakini majina ya njia za kuwasha yamepata hatima tofauti.

Mrao umekaribia kutoweka. Mwanafunzi wa leo atauona katika kamusi za zamani na kudhani ni kosa la chapa. Fataki imenusurika kwa kuhamia sherehe: ni zile taa za angani za usiku wa mwaka mpya. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampeni ya redio nchini Tanzania ililipa maana nyingine, ya mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, na maana hiyo ikashika mitaani.

Gumegume ndilo lililoanguka vibaya zaidi. Mume gumegume, kwa wengi wanaolitamka, ni mwanamume asiye na faida nyumbani. Wapo wanaolifikiria kuwa tusi la kubuniwa tu kwa ajili ya mlio wake. Nionavyo mimi, maana hii imebeba kumbukumbu ya kifundi: kitu chenye umbo la silaha, kinachotoa cheche na moshi mbele ya watu, kisha hakilii. Katika siku ambazo jirani mmoja ana fataki na mwingine amebaki na jiwe, kejeli hiyo haikuhitaji ufafanuzi.

Kwa upande wa tafsiri, suala hili si la anasa. Nyaraka nyingi za karne ya 19 zinazohusu pwani yetu zimo katika Kiingereza na Kijerumani, nazo hutofautisha kwa makini bunduki ya jiwe, ya fataki na ya kujazwa kwa nyuma, kwa sababu aliyeandika alitaka kujua adui yake anaweza nini. Mwanafunzi atakayezileta katika Kiswahili akiandika bunduki kila mahali atakuwa amepoteza habari ambayo mwandishi wa kwanza aliiona kuwa ya lazima. Kifungu cha Brussels kinachoruhusu silaha kwa wenyeji kinatafsirika bila jasho kuwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na mtu mzima wa Gazi wa mwaka 1890 angelielewa agizo hilo, na kilichokusudiwa nalo, mara moja.